Kuchagua Glavu na Mabuti ya Pikipiki kwa Safari za Mvua: Mwongozo Kamili

Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa hukata karibu mita 17 kila sekunde. Vidole vilivyoingia ganzi kwa baridi na maji vikichelewa nusu sekunde tu kukamata breki, pikipiki huwa imekwisha kusogea zaidi ya mita 8 kabla kazi ya kusimama haijaanza, na hizo zinaongezwa juu ya mita ambazo lami iliyolowa hudai yenyewe. Kwa hiyo anayetafuta glavu na mabuti ya mvua hatafuti ukavu peke yake. Anatafuta kwanza mkono unaoihisi breki na klachi, na mguu usioteleza kwenye kikanyagio. Kisha kinga ya siku atakapoanguka. Ndipo anatafuta kutolowa. Madukani mpangilio huu hugeuzwa juu chini, kwa kuwa jambo linaloandikwa kwa herufi kubwa kwenye kasha ni kwamba bidhaa haipitishi maji, na mnunuzi huondoka na glavu nene zinazomkinga na mvua huku zikimnyima breki.

Hatua ya kwanza: ijue mvua utakayopita

Mvua ya masika inayomkuta mtu Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ni mvua ya joto. Mkono uliolowa huko hautetemeki. Adha yake ni utelezi, ngozi ya vidole kujikunja na kulainika, na jasho. Mvua inayomkuta mtu Njombe, Mbeya, Limuru au Timboroa ni kitu kingine kabisa. Joto la hewa hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na maji huondoa joto mwilini kwa kasi inayokaribia mara 25 ya hewa iliyotulia. Ukiongeza upepo wa mwendo wako mwenyewe, vidole huanza kukakamaa mapema sana katika safari. Anayetoka Dar es Salaam asubuhi akapanda mlima wa Kitonga kuelekea Iringa huzipitia hali zote mbili siku moja, naye ndiye mwenye uchaguzi mgumu kuliko wote.

Jiulize pia unakaa kwenye mvua kwa muda gani, na unavua glavu mara ngapi. Mfanyakazi anayekwenda kazini kwa nusu saa anahitaji kinga ya nusu saa, na jioni vifaa vyake hukauka. Dereva wa bodaboda hushinda barabarani, hupokea nauli, hurudisha chenji, hujibu simu, na kila mara glavu hutoka na kurudi mkononi ulio na unyevu. Kwake yeye, glavu ambayo bitana yake hutoka pamoja na vidole haifai hata kama haipitishi tone, kwa sababu ikishageuka ndani nje kando ya barabara hairudi mahali pake bila mapambano.

Kwa mwambao na nyanda za chini, maoni yangu ni haya: usinunue glavu nene za baridi. Mkono utachemka, jasho litajaa, na utalowa kutoka ndani badala ya nje. Glavu nyepesi ya ngozi inayolowa lakini inabaki na mshiko, na inayokauka mapema, ni bora kuliko glavu ya theluji ya Ulaya katika mvua ya Kinondoni. Nyanda za juu ndiko utando usiopitisha maji unakolipa gharama yake.

Hatua ya pili: elewa maji huzuiwaje

Kuna kitambaa kinachokataa maji na kuna kifaa kisichopitisha maji, na wauzaji huvichanganya viwili hivi kwa makusudi au kwa kutojua. Cha kwanza kimepakwa dawa inayoyafanya matone yaviringike na kudondoka. Dawa hiyo hufaa kwa manyunyu, na huisha kadiri kifaa kinavyosuguliwa na kufuliwa. Cha pili kina utando maalumu ndani yake. Unaojulikana zaidi ni Gore-Tex, uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, alipoivuta kwa ghafla plastiki iitwayo PTFE ikatanuka na kuwa na vitundu vidogo mno: tone la maji haliwezi kupenya, ila mvuke wa jasho hupita. Kampuni nyingine zina tando zao zenye kazi ileile.

Jambo ambalo halielezwi kwenye makasha ni kwamba utando huo hutoa jasho kwa kutegemea tofauti iliyopo kati ya ndani na nje. Ndani kukiwa na joto na unyevu, na nje kukiwa na baridi, mvuke husukumwa kutoka. Katika hewa ya pwani, yenye joto na unyevu mwingi pande zote mbili, msukumo huo ni mdogo, na buti linalosifiwa kuwa linapumua huko Ujerumani litakuwa na soksi zenye unyevu Mombasa hata siku isiyo na mvua. Hiyo si dalili kwamba umeuziwa bidhaa bandia.

Jambo la pili ni namna utando ulivyowekwa. Katika glavu nyingi za bei ya kati, utando ni mfuko uliolegea, uliowekwa kati ya ngozi ya nje na bitana. Maji hupenya tabaka la nje, hulijaza, na kuishia kwenye mfuko. Mkono hubaki mkavu lakini glavu huwa nzito na baridi, na tabaka huteleza juu ya jingine unapozungusha akseleta. Katika glavu za bei ya juu utando hugandishwa kwenye tabaka la nje au la ndani, na kitu kizima husogea pamoja. Namna ya kutofautisha dukani ni rahisi: bana ncha ya kidole cha glavu kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kisha sugua. Tabaka zikiteleza kwa urahisi, utando umelegea.

Hatua ya tatu: glavu

Anza na kipimo. Zungushia futi ya kushonea kwenye kiganja cha mkono unaoutumia zaidi, ukipita juu ya vifundo vya vidole na kuacha dole gumba nje, kisha kunja ngumi kidogo. Namba za glavu zilitokana na inchi za mzunguko huo: namba 8 ni karibu sentimita 20, namba 9 ni karibu 23, na namba 10 ni karibu 25. Herufi za M, L na XL kwa kawaida hulingana na 8, 9 na 10, ingawa viwanda hutofautiana, kwa hiyo kipimo kinakupeleka kwenye rafu tu. Uamuzi hufanywa na mkono wenyewe ukiwa ndani. Glavu inayobana huzuia damu kufika kwenye vidole, na mkono usio na damu ya kutosha hupoa hata ukiwa mkavu. Glavu kubwa hujikunja kiganjani na kuacha ncha tupu za vidole ambazo hunaswa kati ya klachi na mpira wa usukani.

Ukishaivaa, usiishie kukunja na kukunjua vidole hewani. Nenda kwenye pikipiki, yako au ya jirani wa muuza duka, ukae kama unavyokaa barabarani, na ufanye mambo haya kwa mpangilio. Weka vidole viwili juu ya breki ya mkono huku vidole vingine vikishika akseleta, kisha vuta breki polepole sana, uone kama unahisi mahali inapoanza kukamata. Achia klachi nusu na uishike hapohapo. Washa na uzime taa ya kuonyesha upande kwa dole gumba bila kutazama. Bonyeza honi. Mwisho, kaa umeshika usukani kwa dakika kadhaa bila kufanya lolote, kwa sababu mshono uliopita vibaya kwenye uti wa kidole au kwenye ncha ya dole gumba hauumi dakika ya kwanza. Huuma saa ya pili ukiwa porini. Glavu ikishindwa katika jaribio la breki, irudishe kwenye rafu hata kama ndiyo pekee dukani yenye utando.

Kuhusu ngozi, ile ya ng'ombe ni ya kawaida na huvumilia msuguano. Ya mbuzi ni nyembamba zaidi, laini, yenye nguvu kuliko unavyoidhania kwa kuitazama, na ndiyo ninayoipendelea kwa kiganja kwa kuwa huacha hisia ya breki ifike kwenye vidole. Kiganja cha nailoni tupu hakifai. Mtu anayeanguka hutanguliza mikono bila kufikiri, na kiganja ndicho hupokea lami. Tafuta kiganja chenye tabaka mbili, na hasa chini yake, upande wa kifundo cha mkono, pawe na kipande kigumu kinachoteleza. Kazi ya kipande hicho ni kuufanya mkono uteleze juu ya barabara badala ya kunata, kwa kuwa mkono unaonata hukunja kifundo na kuvunja mifupa midogo iliyopo hapo, ambayo baadhi yake hupona kwa shida kwa sababu ya uchache wa damu inayoifikia.

Kiwango cha Ulaya cha glavu za pikipiki ni EN 13594. Lebo yake ya ndani huwa na mchoro wa mtu juu ya pikipiki, namba ya kiwango, na tarakimu 1 au 2, ambapo 2 ni kinga ya juu zaidi. Herufi KP huonyesha kwamba kinga ya vifundo vya vidole imepimwa. Herufi CE, alama ya kudai kwamba bidhaa imekidhi kanuni za Ulaya, zikiwa peke yake zisikutulize, kwani hupigwa chapa hata kwenye bidhaa ambazo hazijawahi kupimwa. Unachotafuta ni lebo kamili yenye namba ya kiwango.

Kisha kagua mkanda wa kifundo. Ufunge, halafu mwambie mtu mwingine aivute glavu kwa nguvu akiwa ameshika ncha za vidole. Ikivuka mkononi mwako hapo dukani, itavuka barabarani pia, na glavu iliyovuka haimlindi mtu. Angalia vilevile kama kidole cha shahada au dole gumba la kushoto lina kipande chembamba cha mpira cha kufutia kioo cha helmeti. Wengi hukiona kama urembo, lakini katika mvua nzito, lori likikurushia maji ya matope usoni, kipande hicho kina thamani kuliko nusu ya mambo mengine yaliyoandikwa kwenye kasha. Lazima kiwe mkono wa kushoto, maana wa kulia una akseleta na breki.

Jaribio la mwisho la glavu ni la kuvua. Lowesha mkono wako kidogo, ivae glavu, kisha itoe haraka kama mtu anayetaka kupokea simu. Bitana ikitoka pamoja na vidole, hata kidogo, glavu hiyo itakusumbua kila siku ya mvua.

Neno moja kuhusu glavu ambazo hazikutengenezwa kwa pikipiki. Glavu za welda ni za ngozi ngumu, zina mikono mirefu, na huvumilia msuguano, lakini hazina mkanda wa kifundo na huua hisia ya breki. Glavu za kazi zilizochovywa mpira kiganjani hushika vizuri sana kwenye maji, na kwa kubeba mizigo hazina mpinzani, ila zikigusa lami kwa kasi huchanika. Glavu za kuteleza kwenye theluji, ambazo hujaa katika mitumba, huzuia maji na baridi vizuri huku kiganja chake kikiwa hakina kinga yoyote ya kuanguka.

Hatua ya nne: mabuti

Nenda kununua mabuti jioni, kwa kuwa mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na beba soksi utakazozivaa kweli. Kidole kirefu kibaki na nafasi ya karibu sentimita moja mbele, na kisigino kisipande unapochuchumaa. Buti la mvua lisibane juu ya unyayo, kwa sababu ileile ya damu niliyoitaja kwenye vidole vya mkono.

Sehemu ya kwanza ya kukagua ni kifundo cha mguu. Pikipiki inapolala ubavu, uzito wake hushukia mguu wa chini, na kifundo ndicho hupondwa au kuzungushwa. Shika buti kwa mikono miwili, moja kisiginoni na nyingine penye vidole, ulikamue kama unayekamua nguo. Buti zuri hukataa kuzunguka. Kisha libane unyayo kutoka pembeni kwa pembeni, mahali panapokaa kikanyagio. Likikunjika kirahisi mkononi mwako, litakunjika pia chini ya pikipiki. Kiwango cha EN 13634 hupima mambo haya, na lebo yake huwa na tarakimu nne mfululizo, kila moja ikiwa 1 au 2: ya kwanza ni urefu wa buti, ya pili ni uvumilivu wa msuguano, ya tatu ni uvumilivu wa kukatwa, na ya nne ni ugumu wa unyayo unapobanwa kutoka pembeni. Baada ya tarakimu hizo huweza kufuata herufi. Kwa safari za mvua, zinazokuhusu zaidi ni WR, inayoonyesha kwamba buti zima limepimwa dhidi ya maji, na IPA, inayoonyesha kwamba kinga ya kifundo imepimwa dhidi ya kugongwa.

Ya pili ni soli. Lami iliyolowa, rangi nyeupe za vivuko, vyuma vya madaraja na mafuta yanayodondoka vituoni humtelezesha mtu anapoweka mguu chini kusimama, na mguu ukiteleza wakati pikipiki imebeba abiria, pikipiki hulala. Soli ya mpira laini wenye mifereji hushika; soli ya plastiki ngumu inayong'aa haishiki. Ikwaruze kwa ukucha: mpira unaofaa hubonyea na kurudi. Mifereji iwe mipana ya kutosha kutema tope, hasa kwa barabara za udongo mweusi wa mfinyanzi, lakini isiwe mikubwa kama ya buti la shambani, maana meno makubwa hunasa kwenye kikanyagio na kuuchelewesha mguu unapotaka kuushusha. Kisigino kiwe na ngazi inayojitokeza ili kikanyagio kikae mbele yake bila kuhama.

Ya tatu ni mdomo na mlango wa buti. Zipu ni mahali dhaifu kwa maji, kwa hiyo nyuma yake lazima pawe na kipande kizima kilichoshonwa pande zote mbili, kinachofunguka kama mkunjo wa mvukuto buti linapofunguliwa. Ingiza mkono ndani, ufuate kipande hicho kwa kidole hadi kilipoishia juu. Hapo kilipoishia ndipo penye kimo halisi cha buti katika maji, hata kama buti lenyewe linafika chini ya goti. Muuzaji anapokuambia kwamba buti halipitishi maji, hiyo ndiyo sentimita anayoizungumzia, ajue au asijue. Kamba, kama zipo, zifunikwe au ziingizwe ndani, kwani kamba iliyonaswa kwenye pedali ya gia huonekana pale unapotaka kuweka mguu chini, yaani wakati mbaya kuliko wote.

Kisha panda pikipiki. Pikipiki nyingi za biashara katika Afrika Mashariki, kama Boxer na TVS za bodaboda, zina pedali ya gia ya mbele na nyuma, ambayo hukanyagwa kwa kisigino pia, na hivyo buti nene halisumbui sana. Kama yako ina pedali ya mbele pekee, hakikisha pua ya buti inaingia chini yake bila kuinamisha kifundo isivyo kawaida. Ukishindwa, fundi anaweza kupandisha pedali kidogo kwenye meno ya shafti yake. Ni kazi ndogo. Buti la kazi lenye chuma puani mara nyingi hukwama hapa, na uzito wake huuchosha mguu bila kuongeza kinga ya kifundo.

Gambuti linastahili kuzungumziwa kwa haki, kwa kuwa ndilo buti la mvua la waendeshaji wengi. Halina mshono, kwa hiyo maji hayaingii kabisa isipokuwa kwa juu. Ni la bei nafuu. Husafishwa kwa ndoo moja ya maji. Kasoro zake ni kwamba halishiki kifundo, huvuka mguuni mtu anapoanguka, na la plastiki huyeyuka likigusa bomba la moshi. Kwa safari fupi za mwendo mdogo kwenye tope, ambako hatari kubwa ni kukwama na kulowa, silikatai. Kwa barabara kuu ya lami silikubali. Anayelitumia achague lenye shingo inayokaribia shavu la mguu wake, avae soksi nene, na apitishe mkanda juu ya kifundo ili lisivuke.

Hatua ya tano: mahali vifaa vinapokutana

Uzoefu wa wengi ni kwamba maji mengi hayapiti kwenye ngozi ya glavu wala ya buti, huingia kwa mdomo. Suruali ya mvua lazima ipite juu ya buti, bila ubishi, na iwe ndefu kiasi kwamba ukiwa umekaa, goti limekunjwa, bado inafunika sentimita 10 au zaidi za shingo ya buti. Ipime ukiwa umekaa. Suruali inayoonekana ndefu umesimama hupanda sana ukikaa, na mvua yote inayokusanyika mapajani hutiririkia ndani ya buti. Gambuti lililovaliwa juu ya suruali hugeuka pipa.

Mikono ina ubishi zaidi. Mikono ikielekea chini kutoka bega hadi usukani, kama ilivyo kwa pikipiki nyingi za kawaida, maji hushuka na mkono wa koti, na glavu iliyovaliwa juu yake huyapokea yote. Lakini mwendo unapoongezeka upepo huyasukuma maji kutoka vidoleni kuelekea kiwiko, na hapo mkono wa koti uliovaliwa juu ya glavu hugeuka mdomo uliofunguliwa mbele ya mvua. Suluhisho bora ni glavu yenye shingo mbili, fupi ya ndani inayobana chini ya koti na ndefu ya nje inayofunika juu. Kama huna hiyo, kwa mwendo wa mjini vaa koti juu ya glavu, na ufunge mkanda wa mkono wa koti. Kwa safari ndefu ya kasi geuza. Vyovyote vile, nunua glavu ukiwa umelivaa koti lako la mvua, kwa sababu shingo ya glavu isiyopita juu ya koti lako nene ni hasara utakayoigundua nyumbani.

Hatua ya sita: ukinunua mitumba

Karume, Gikomba, Memorial ya Moshi na masoko mengine ya mitumba hutoa mabuti ya pikipiki ya Ulaya ambayo yakiwa mapya yangekuwa nje ya uwezo wa wengi. Yana tatizo moja lisiloonekana. Soli nyingi zimetengenezwa kwa poliyurethani, ambayo baada ya miaka huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa hata kama buti halikuvaliwa kamwe, na buti ambalo halikuvaliwa ndilo hasa huwa limekaa stoo muda mrefu. Juu ngozi inang'aa, chini soli inasubiri kumeguka kama mkate mkavu. Bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba penye kisigino. Ikibaki na alama ya unga, inanata, au ina nyufa nyembamba ukilikunja buti, liache. Tafuta pia chapa ya tarehe ndani ya ulimi au chini ya soli, ambapo mara nyingi huwa duara dogo lenye miezi na miaka. Fundi viatu mzuri anaweza kubadilisha soli, lakini akishona kwa kupitisha sindano kwenye utando, buti halitazuia maji tena.

Kwa glavu za mtumba, puliza hewa ndani, kunja mdomo wake, na ubane huku umeisogeza karibu na shavu. Utando uliochanika utaupuliza uso wako mahali ulipochanika. Buti la jeshi la msituni nalo likaguliwe upande wa ndani wa unyayo: mengi yana vitundu viwili vyenye pete za chuma, vilivyowekwa ili maji yatoke mtu akishavuka mto, na kwenye pikipiki vitundu hivyo huingiza maji kwa bidii ileile.

Hatua ya saba: jaribu nyumbani kabla ya masika

Usisubiri mvua ya Machi ikufundishe. Jaza beseni maji, weka gazeti kavu ndani ya buti hadi puani, kisha lisimamishe katika maji yanayofika kwenye kifundo kwa nusu saa, ukilikunja mara kwa mara penye vidole. Gazeti litakuonyesha mahali pa kuvuja kuliko soksi. Glavu ivae, uzamishe mkono bila kufikia mdomo wa glavu, ukunje na kukunjua ngumi kwa dakika 10. Duka likikubali kurejesha bidhaa, kubaliana nalo juu ya jaribio hili kabla ya kulipa.

Hatua ya nane: fedha zikiwa hazitoshi

Nikilazimika kuchagua, ningetanguliza mabuti. Kwa mikono ipo njia ya bei ndogo inayofanya kazi: glavu nzuri ya ngozi isiyo na utando, na ndani yake glavu nyembamba za nitrili zinazotumiwa na mafundi na wahudumu wa afya. Mkono utatoa jasho, lakini upepo hautaufikia na jasho hilo litabaki na joto. Beba jozi kadhaa, kwani huchanika. Hakikisha tu kwamba glavu ya ngozi ina nafasi ya tabaka hilo. Kwa miguu, mfuko wa plastiki juu ya soksi huzuia maji kwa muda, ila hakuna kitu cha bei ndogo kinachoweza kuchukua nafasi ya kinga ya kifundo.

Vifuniko vya mikono vinavyofungwa kwenye usukani, ambavyo ni vya kawaida kwa bodaboda wa nyanda za juu za Kenya, huzuia upepo na mvua kuliko glavu yoyote. Viwe vigumu kiasi cha kutobonyea juu ya breki vikipigwa na upepo, na mdomo wake uwe mpana ili mkono utoke bila kunaswa. Hata ukivitumia, glavu zibaki mkononi, kwa kuwa vifuniko havianguki pamoja nawe.

Hatua ya tisa: kukausha na kutunza

Usivue glavu iliyolowa kwa kuivuta kutoka kwenye shingo. Legeza mkanda, vuta ncha ya kila kidole kidogo kidogo, na ukamilishe zote kwa pamoja, ili bitana ibaki mahali pake. Buti litolewe soli ya ndani, lijazwe magazeti, na magazeti yabadilishwe yanapolowa. Yote yaanikwe kivulini penye upepo. Jiko la mkaa, bomba la moshi lenye joto na jua la saa saba hukausha upesi na kuharibu upesi: ngozi hukakamaa na kupasuka, gundi ya soli huachia, na gundi inayoshikilia utando hulegea.

Ngozi isiyo na utando ipakwe nta ya nyuki au mafuta ya ngozi ikiwa karibu kukauka, hasa kwenye mishono. Yenye utando ipakwe kidogo na kwa bidhaa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, maana mafuta mazito huziba njia ya jasho. Kiganja cha glavu na soli ya buti visipakwe chochote kinachoteleza. Matope yaoshwe kwa maji ya kawaida na sabuni laini. Petroli na mafuta ya taa, ambavyo hutumiwa sana gereji, hula mpira na gundi.

Glavu iliyokwisha kuanguka nawe na kuchubuka hadi tabaka la pili, au ambayo mshono wake umefumuka pembeni mwa kiganja, hustaafishwa hata kama bado haivuji. Buti ambalo limepoteza ugumu wake kifundoni linaweza kuendelea na kazi ya shambani.